Kabla ya Mabanda, Tupeni Waongozaji: Barua ya Wazi kwa TAWA na Halmashauri za Simiyu

Ndugu Kamishna wa Uhifadhi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na ndugu zangu wakurugenzi na madiwani wa halmashauri za Mkoa wa Simiyu,

Nawaandikia kutoka Binza, ambako nafundisha shule ya msingi. Kwa muda sasa huku kwetu yanasikika mazungumzo ya watu wenye ekari chache kando ya barabara wanaotaka kufungua bustani ndogo za wanyamapori. Mgeni alipe kiingilio, apokewe, azungushwe, amwone chatu, amlishe kobe, amsogelee pundamilia, kisha arudi nyumbani na picha. Mnyamapori hafugwi bila kibali, na kibali hicho kinapita mezani kwenu. Sikuja kupinga. Nataka bustani hizo zije, na zije mapema. Ombi langu ni moja, na barua yote hii ni kulieleza: kabla hamjampima mwombaji kwa urefu wa ukuta wake na unene wa wavu wake, mpimeni kwa mtu atakayesimama kati ya mtoto na mnyama.

Watu wa mbali hudhani mtoto wa Simiyu amekua akiona simba. Ramani ndiyo inayowadanganya. Serengeti iko ubavuni mwetu, Pori la Akiba la Maswa tunapakana nalo, Kijereshi liko Busega, na bado wanafunzi wangu wengi hawajawahi kumwona twiga kwa macho yao. Watalii huingia Serengeti wakitokea Arusha kwa njia ya Ngorongoro, au wakitokea Mwanza kupitia lango la Ndabaka. Sisi tuko upande ambao magari yao hayapiti. Kiingilio cha raia si kikubwa. Kinachotushinda ni gari. Basi la kukodi kutwa nzima ni pesa ambayo mzazi anayesubiri bei ya pamba haitoi kirahisi, na akiitoa mwaka huu, mwakani hutathubutu kumrudia.

Mnyama ambaye mtoto huyu anamjua ni yule aliyekuja usiku. Anamjua tembo kwa sauti za madebe na mwanga wa tochi, kwa mahindi yaliyolala chini asubuhi, na kwa baba yake kukaa benchi la ofisi ya kijiji akijaza fomu ya kifuta jasho. Familia nyingine zimejaza ile ya kifuta machozi. Fisi ndiye mbaya zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 habari za fisi waliokuwa wakishambulia watoto wilayani Itilima zilifika nchi nzima, lakini hapa kwetu hazikuwa habari za gazetini. Zilikuwa sababu ya mama kumfunga mtoto ndani kabla jua halijazama.

Na juu ya hofu hiyo ya haki kuna hofu nyingine. Usukumani kote mtoto hukua akisikia kwamba fisi ana mwenyewe, kwamba yuko mchawi kijijini anayemfuga na kumpanda usiku. Maonyesho ya Nane Nane yalipofanyika kitaifa pale Nyakabindi, Bariadi, kwa miaka mitatu mfululizo kuanzia 2018, watu wa mkoa huu walipanga foleni ndefu kwenye mabanda yenye wanyama hai. Nilikuwa kwenye foleni hiyo na watoto. Mvulana mmoja alipofika mbele ya kizimba cha fisi alimtazama kwa muda, akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini: “Mwalimu, huyu ni wa nani?” Nilitamani kijana aliyekuwa akisimamia kizimba alisikie swali lile, kwa sababu lilikuwa swali zito kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Huku kwetu akina mama wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Lakini nyuma yetu kulikuwa na mamia ya watu, na kazi ya yule kijana ilikuwa moja tu, kusema “sogea, sogea”. Tukasogea.

Fikirini kama angepata dakika kumi. Angewaambia watoto kwamba fisi madoa huishi kwa koo, na anayeongoza ukoo ni jike. Kwamba jike na dume wanafanana mno kwa nje, na hapo ndipo ulipotoka uvumi kwamba kila fisi ni jike na dume kwa pamoja. Angewaonyesha kinyesi chake kilichokauka, cheupe kama chaki zinazotengenezwa Maswa, akawauliza weupe ule umetoka wapi, mpaka mmoja wao afikie jibu mwenyewe: mifupa. Mnyama anayeweza kusaga mfupa wa paja la ng'ombe hahitaji mchawi wa kumtuma. Ana njaa, ana watoto, na anajua ni boma lipi lina ua mbovu. Mtoto akishaelewa hivyo, atakwenda nyumbani kumhimiza baba azibe ua, na hatamtazama bibi wa jirani kwa jicho baya.

Hiyo ndiyo kazi ya mwongoza wageni, na nimeiona ikifanywa vibaya na ikifanywa vizuri.

Ilipofanywa vibaya ilikuwa katika bustani moja nje ya mkoa wetu, ambayo sitaitaja. Nilikuwa na wanafunzi wa darasa la sita. Mwongozaji, kijana mchangamfu asiye na ubaya wowote moyoni, alimtoa chatu kwenye sanduku la mbao na kuanza kumpitisha shingoni mwa watoto mmoja baada ya mwingine, kila picha kwa malipo yake. Watoto walicheka, wengine walilia, walimu tukainua simu zetu juu kutafuta picha nzuri. Ilipofika zamu ya mtoto wa saba au wa nane niliangalia yule chatu badala ya kuangalia watoto. Alikuwa amekaza misuli. Kichwa chake kilikuwa kikitafuta njia ya kushuka, kila mara upande ule ule wa chini, na kila mara kijana alikishika na kukirudisha juu. Alikuwa akipumua kwa kishindo. Chatu hana sumu, hilo kijana alilisema mara nyingi, lakini ana safu za meno yaliyopinda kuelekea kooni, na akiuma, mtu huvuta mkono kwa hofu na hapo ndipo nyama inapochanika. Hilo hakulisema. Hapakuwa na maji ya kunawa, ingawa wanyama watambaao hubeba vijidudu vya kuharisha kwenye ngozi zao, na baada ya chatu watoto walikwenda moja kwa moja kula maandazi. Nilipouliza chatu yule alitoka wapi, nilijibiwa: porini.

Ukiwauliza wale watoto leo walijifunza nini, watakwambia walijifunza kutoogopa nyoka. Kwa mtoto anayechuma pamba peku, hilo ni fundisho la hatari.

Kwingine nilimkuta mzee mmoja, mahali padogo kuliko pale, mabanda yake ya miti na wavu wa kawaida. Hakuruhusu mtoto yeyote kusogea kabla wote hawajakaa chini. Wakakaa. Akawaambia wanyamaze na kunusa, kisha wamwambie wanasikia harufu ya nini. Ndipo akaanza. Kwenye banda la nungunungu aliokota mwiba uliodondoka, akaupitisha mkono kwa mkono, akawaeleza kwamba mnyama huyu harushi miiba kama watu wanavyosema. Humrudia adui kinyumenyume kwa kasi na miiba ikabaki mwilini mwa aliyechomwa. Kwa kobe chui aliwaruhusu kugusa kwa vidole viwili, mgongoni tu, mahali alipoonyesha, kwa sababu gamba lile lina hisia. Aliyegusa alinyanyuka kwenda kwenye kibuyu chirizi na sabuni kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu akatupeleka kwenye boksi la kioo lenye majani makavu. “Humu yumo mtu,” akasema. “Mtafuteni.” Watoto arobaini wakasogeza nyuso. Kimya. Mmoja akasema hamna kitu, mwingine akasema ametoroka. Mzee hakuwasaidia. Baada ya muda mrefu msichana mmoja akapiga kelele, kwa sababu alikuwa akitazama jicho la kifutu bila kujua, kwa kitambo, kutoka upana wa kiganja. Nyoka alikuwa amelala wazi kabisa juu ya majani, mistari ya mgongo wake imechanganyika nayo. Hakujificha popote. Mzee akauliza nani huenda kisimani jioni bila viatu. Mikono mingi ikanyanyuka. Hakuhitaji kuongeza neno.

Akamlaza mvulana mmoja chini, akasema huyu ameumwa mguuni. Watoto wakapendekeza yote wanayoyaona nyumbani: chanja kwa wembe, nyonya, funga kamba kwa nguvu, weka jiwe la nyoka. Akayakataa yote kwa sababu zake. Akaufunga mguu kwa vijiti viwili na kanga ili usichezechezwe, akavua kiatu kabla uvimbe haujaanza, akasema sasa kilichobaki ni pikipiki na hospitali, na kila dakika mnayobishana ni ya sumu. Wanafunzi wangu wa mwaka ule wamekwishamaliza shule. Baadhi yao bado wanaweza kuufunga mguu vile.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba vifo duniani ni kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka. Wengi wa wanaokufa ni watu wa aina yetu: wakulima, wachungaji, watoto, mbali na dawa. Lengo la shirika hilo ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Kuna mahali hapa nchini ambapo bustani ya nyoka na tiba ya nyoka vimekaa pamoja. Meserani, kando ya barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, wageni hulipa kuona nyoka, na kliniki iliyo pale imetibu wanakijiji waliong'atwa bila kuwatoza. Sidai kila bustani ya Simiyu iwe na kliniki. Nasema mwenye kibali cha kuonyesha kifutu, koboko au swila awe na makubaliano ya maandishi na hospitali ya karibu, yenye dawa ya sumu kwenye jokofu, na mgeni ayasome getini kabla ya kulipa.

Kuhusu watu wa kufanya kazi hii, mkoa huu haukosi. Bayeye wako hapa tangu kabla ya hifadhi yoyote kuchorwa. Hiki ni chama cha watu wa nyoka: wanajua kuwashika, wanajua tabia zao kwa msimu, wanajua dawa zao, na mtu haingii kwa kutaka tu, hufundwa. Wengi wanawajua kwa ngoma peke yake. Kila mwaka kwenye tamasha la ngoma la Bulabo, pale Bujora, Kisesa, baada ya sikukuu ya Ekaristi, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana na chatu huchezeshwa mbele ya umati; mahali hapo palijengwa na Padri David Clement, Mkanada wa Wamisionari wa Afrika, na makumbusho yake yanahifadhi mengi ya vyama hivi. Lakini ngoma ni sehemu ndogo ya ujuzi wao. Mzee niliyemweleza hapo juu alifundwa na watu wa namna hiyo, na ilionekana katika namna alivyosubiri mnyama atulie kabla ya kufungua mlango.

Ninachoomba ni daraja maalumu la mwongoza wageni wa bustani za wanyamapori, lenye mtihani wa vitendo, na mafunzo yake yaendeshwe na maofisa wenu wakishirikiana na wazee hawa. Ofisa ataleta sheria, magonjwa na vipimo. Mzee ataleta mkono. Mtihani usiwe wa Kiingereza. Na isiwepo nafasi ya nyoka aliyeng'olewa meno wala mnyama aliyeleweshwa dawa ili picha itoke vizuri.

Wapo watakaosema mnyama akizoea watu hatari huisha. Ukweli ni kinyume, na ushahidi uko humu humu Kanda ya Ziwa. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiwa katika kisiwa cha Rubondo baada ya kuletwa kutoka Ulaya, ambako walikuwa wameishi kwenye bustani za wanyama na mikononi mwa watu. Kazi ile ilifanikiwa. Wazao wao wako Rubondo hadi leo, na wameishi porini kama sokwe wengine. Lakini madume wawili waliozoea binadamu waliwashambulia watu na ikabidi wapigwe risasi. Hawakuwa wakali kwa asili kuliko wenzao. Walikuwa wamepoteza ile hofu inayomfanya mnyama atupishe njia.

Madhara hayaendi upande mmoja pia. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi unaowapata mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, kiasi cha simba elfu moja. Mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, yaani vijiji kama vyetu, ndio waliochukuliwa kuwa chanzo, na kampeni za kuwachanja zikafuata. Sasa chukueni bustani ya ekari mbili yenye duma mmoja, mbwa wawili wa mlinzi na watoto mia kwa siku. Daktari wa mifugo wa wilaya anapaswa kuijua bustani hiyo kama anavyolijua josho.

Nizungumzie pia wanyama wanakotoka, na hapa nitasema waziwazi. Jibu la “porini” lisikubalike tena. Watanzania hatujasahau kwamba mwezi Novemba 2010 twiga na wanyama wengine hai walipakiwa kwenye ndege pale Uwanja wa Kilimanjaro wakapelekwa Qatar, na kwamba ilichukua hadi mwaka 2016 Serikali kusimamisha kabisa usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Bustani ndogo inaweza kuwa mlango wa nyuma wa biashara ile. Ipokee wanyama waliokwishapoteza njia ya kurudi: tembo mtoto aliyetumbukia kisimani, kobe waliokamatwa kwa walanguzi, bundi aliyevunjwa bawa na watu waliomdhania mkosi. Kila mmoja awe na karatasi yake, na kibao kwenye banda lake kieleze alivyofika pale. Watoto husoma vibao hivyo kuliko walimu wanavyodhani.

Huko Nairobi, katika kituo cha tembo yatima kilichoanzishwa na Daphne Sheldrick, kwa miaka mingi wageni wameruhusiwa saa moja tu kwa siku, kisha tembo wanarudi msituni na walezi wao. Ngamba, kisiwa cha Uganda ndani ya ziwa letu hili hili, kina sokwe waliookolewa tangu 1998. Mgeni hupanda jukwaa na kuwatazama wakilishwa kutoka upande wake wa uzio. Sehemu zote mbili zinapata wageni wengi. Kumbe umbali hauui biashara. Na sisi tunayo historia yetu: Saanane, pale Mwanza, ilianza mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, kabla ya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ninyi TAWA wenyewe mnazisimamia bustani za Tabora na Ruhila kule Songea. Mnajua gharama ya kumlisha simba mmoja kwa mwezi. Mwelezeni mwombaji gharama hiyo siku ya kwanza, mwombaji wa simba atapungua na mwombaji wa kobe, nungunungu na kenge atabaki, na watoto wetu watatosheka nao.

Kwenu wakurugenzi na madiwani nina neno fupi. Msianze kwa kuhesabu ushuru. Wekeni sharti kwamba kila bustani itenge siku za shule kwa bei ambayo mzazi wa Binza anaimudu, na palipo na nafasi, shamba la mfano liwe ndani ya uzio: mstari wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mstari wa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo huwakimbia nyuki. Lucy King na wenzake walilithibitisha hilo kwenye mashamba ya wakulima kule Sagalla, karibu na Tsavo. Mkulima aje na mwanawe kuona wanyama, aondoke akijua namna ya kufunga mzinga. Faida hiyo haitaonekana kwenye kitabu cha mapato, itaonekana ghalani.

Ndugu Kamishna, najua meza yako ina mafaili mengi na maombi yetu ni madogo kando ya tembo walioko mashambani usiku huu. Lakini bustani ya kwanza ya Simiyu ndiyo itakayoigwa na ya pili na ya tatu. Ikianza na chatu shingoni mwa mtoto, zote zitakuwa hivyo, na mtakuja kuzifunga siku mtoto mmoja atakapoumia. Naomba yafanyike mambo haya kabla kibali cha kwanza hakijatolewa: mwongozaji apimwe kwa vitendo, hospitali iandikwe getini, na asili ya kila mnyama ijulikane. Bustani itakayotimiza hayo, shule yetu itakuwa ya kwanza kuleta watoto. Isiyotimiza, nitawaomba wazazi wabaki na pesa zao.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa shule ya msingi, Binza, Simiyu